Kizingiti cha Baba Katikati ya Ziwa

Mpendwa Yaya Espe, dada yangu,

Kukuuliza habari za afya siwezi, kwa hiyo nitaanza na mlango. Leo Baba anaweka kizingiti kipya. Tangu asubuhi anapiga randa uani, vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye sufuria za Mama, na Mama hagombi. Nilipoona hagombi ndipo nikachukua kalamu.

Unakumbuka cha zamani? Ule ubao wa mvule chini ya mlango, uliosimama juu kuliko vizingiti vyote vya mtaa wetu wa Bigo. Wageni walikuwa wanajikwaa na Baba anacheka peke yake: "Ku nyumba ya seremala unanyanyua muguu!" Weye ndiwe uliyesababisha ung'olewe pale, Yaya. Nakwambia bila hasira.

Wakati ule mji ulikuwa umekatwa vipande. Mtaa huu wa hawa, mtaa ule wa wale, na katikati bariyeri, kamba imefungwa barabarani na vijana wenye bunduki wanakuuliza jina la baba yako. Watu wa Shemeji Dieudo walikuwa wamekimbilia ng'ambo ya ziwa, Uganda, kwa sababu ya kabila lao. Siye tulibaki Bunia kwa sababu ya kabila letu. Wao hawangeweza kufika hapa na kurudi wazima. Baba naye hangeweza kukaa kambini kwao, kati ya watu waliofukuzwa na wenzetu, aseme nimekuja kwa furaha. Na weye na Dieudo mlitaka ndoa, tena mlitaka wazazi wote wawepo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ulichukua kijiti ukachora bato kwenye udongo wa uani, ile mashua ambayo Dieudo alikuwa fundi wa injini yake, inayobeba sabuni na samaki wa chumvi kati ya Kasenyi, upande wetu wa ziwa, na ng'ambo. Mwenye bato alikuwa amekubali kuwapa siku moja.

"Siye tutapandia Kasenyi," ulisema. "Bo, watu wa Dieudo, watakuja na pirogi ya kupiga kasia, tunakutana katikati, wanapanda. Mu mayi hakuna bariyeri."

Tantine Véro akaweka mikono kichwani. Unamjua dada yake Baba.

"Katikati ya mayi! Na miye nitapike mbele ya wakwe?"

"Utatapika upande wao, tantine. Watasema ni baraka."

Hata Mama alicheka, Mama ambaye akivuka daraja la Nyamukau lazima ashike mkono wa mtu. Pasta naye alikuwa amekataa, alisema ndoa ni ya kanisani, ukamjibu kwamba Yesu mwenyewe alifundishaka akiwa mu mashua. Ukapanga vifuniko vya chupa ndani ya mchoro wako kama wageni. Mama ya Dieudo hapa, Baba pale, wenzako wa kwaya huku nyuma. Kifuniko kimoja kilichopondeka ukakiweka mbele ya wote.

"Hii ni mudogo wangu. Atasema neno. Kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, wasikie kama tumesoma."

Nilitamani ardhi ifunguke. Ulijua mimi ni mtu gani. Shuleni mwalimu akiita jina langu, lugha zote mbili zinakimbia. Lakini ulinisimamisha nyuma ya jiko kila siku, mbele ya kuku.

"Ongeza sauti. Kuku hawasikii."

"Kuku hawatoi mahari, Yaya."

"Na weye hauolewi. Sema!"

Nikasema. Maneno yalikuwa mafupi, uliyatunga mwenyewe: "Wazazi wetu wa ng'ambo, tumewaletea mtoto wetu. Hatukumtupa. Alipitia mlango."

Hapo kwenye mlango ndipo Tantine alipotukwamisha. "Na kizingiti?" aliuliza. Kwetu binti anayeolewa anavuka kizingiti cha baba yake mkono ukiwa ndani ya mkono wa shangazi, na hageuki nyuma, na wakwe lazima waone kwa macho. Asipovuka hivyo wanasema hajaondoka. Kule anabaki mgeni, na huku ni kama amepotea. Sasa ungevukia Bigo, wakwe wakiwa ziwani? Nilikuona unafuta bato kwa mguu, taratibu, ukianzia kwa vifuniko vya nyuma.

Kesho yake tulisikia nyundo. Baba alikuwa ameng'oa ubao. Hakueleza sana, unamjua.

"Kama hawawezi kufika ku mulango, mulango utawafuata."

Akaufunga ndani ya kitenge cha Mama, kama mtoto, na wachuuzi wa samaki wakaubeba kwa baiskeli mpaka Kasenyi, Dieudo aupigilie pale watu wanapopandia bato. Weye ulilia siku ile. Ulisema hakuna msichana Ituri nzima aliyepewa mahari na baba yake mwenyewe. Tantine akasema huo ni wazimu wa ukoo wetu, kisha akaanza kushona kitenge chako cha harusi.

Halafu ukatangulia. Ulitaka kuona bato, kupima mahali pa viti, na siye tukufuate Ijumaa. Kamyo ya mizigo ya kwenda Kasenyi ilipiga honi, ukatoka mbio. Hakukuwa na kizingiti, hakukuwa na mkono wa Tantine. Ulitoka kama mtu anayekwenda kuteka maji. Tena uligeuka nyuma, ukanionyesha kidole: "Usiache kuku!" Nikacheka. Hakuna aliyefikiri chochote.

Kamyo ilisimamishwa na wenye bunduki mlimani, kabla ya kuteremka ziwani. Waliokimbilia majanini ndio waliorudi kutuambia. Waliuliza majina, walisema, jina la kila mmoja na la baba yake. Weye ulitaja la Baba. Barabara ikafungwa, na mahali ulipolazwa hatukuonyeshwa hadi leo.

Tantine alitaka matanga. Baba alikataa. "Mutoto yangu hakuvuka," alisema. "Hajaondoka. Nitamulilia nani?" Pasta alikuja, wajomba walikuja, akawapa viti na akaendelea kuchonga milango ya watu wengine. Mlango wetu ulikaa wazi chini. Mvua iliingia, panya waliingia, Mama alizoa tope kila asubuhi. Nikuungamie kitu, Yaya: mimi nililipenda lile pengo. Usiku nililaza kichwa upande wake. Niliona kama Baba anasema kweli, kwamba pale ambapo hujavuka bado unaweza kurudi. Hata kuku niliendelea kuwahutubia.

Wiki iliyopita barabara ilifunguliwa, na Dieudo akatuma neno: bato itakuwa Kasenyi, mama yake atakuja katikati, tafadhali papa aje. Baba alirudi kwenye randa yake. Tantine ndiye aliyemsimamia mlangoni.

"Kaka, twende. Miye nitatapika, lakini twende."

Tulipopita mlimani Mama alijifunika kitenge usoni, na hakuna aliyemuuliza dereva ni wapi.

Bato yako ni ndogo kuliko ulivyoichora. Ina rangi ya buluu iliyobanduka na inanuka samaki. Lakini pale pa kupandia, Yaya, ubao wa Baba upo. Dieudo aliupigilia siku ile ile wachuuzi walipoufikisha na hakuutoa tena. Umelika katikati kama sabuni. Watu wote waliokimbia vita kwa bato ile wameuvuka, watu wao na watu wetu, na watoto mgongoni na magodoro kichwani.

"Nilikuwa nawaambia wote," Dieudo alisema. Amekonda, ndevu zake zimeota ovyo. "Nyanyueni muguu, hii ni mulango ya muzee."

Baba alichuchumaa akaweka kiganja juu ya ubao. Akauliza jina lako tu, kujua kama na weye uliuvuka. "Espe?"

"Apana, papa. Nilimungojea hapa. Hakufika."

Ndipo Baba alipolia. Tangu siku ile ya kamyo sikuwa nimemwona analia, na sikujua analia kwa sauti nyembamba hivyo. Tulimngoja. Kisha Tantine akatoa kwenye kikapu kitenge alichokushonea, akakishika kwenye mkono wa nguo, kama anavyoshikwa mtu, akavuka nacho. Hakugeuka nyuma.

Katikati ya ziwa Dieudo alizima injini. Mama yake alipanda kutoka kwenye pirogi, mwanamke mfupi, viatu mkononi, akakaa kwenye benchi ya mbele. Mama na Baba wakakaa mbele yake. Wakatazamana. Maji yalikuwa yanagonga mbao, muda ukapita, hata nikaona mama ya Dieudo anaanza kuokota viatu vyake aondoke.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nilitazama injini ili nisione uso wa mtu, na nikasema: "Wazazi wetu wa ng'ambo, tumewaletea mtoto wetu. Hatukumtupa. Alipitia mlango." Kisha kwa Kifaransa, mpaka mwisho, kama ulivyotaka. Sauti iliwafikia wa nyuma. Mama ya Dieudo hajui Kifaransa. Alingoja nimalize, akainuka, akachukua kitenge chako kutoka kwa Tantine na kukiweka kifuani.

"Tumemupokea," alisema.

Wanawake wakaanza kilio pale pale, wetu na wao pamoja. Na Tantine akatapika. Upande wao, Yaya! Mama ya Dieudo akamshikia paji la uso na kumfuta mdomo kwa khanga yake mwenyewe. Nilitaka kucheka, nikageuka nikutafute tucheke pamoja, na hapo ndipo nami nililia.

Tulipofika Kasenyi, Dieudo alileta nyundo amrudishie Baba ubao wake. Baba akamzuia.

"Acha. Watu wangali wanavuka."

Matanga ni Jumamosi. Baba ndiye aliyetaja siku.

Nilikuwa nimefika hapo kwenye barua Mama aliponiita nikateke maji. Nimerudi na ndoo kichwani, nikifikiri nitakuagaje, nikasahau kama mlango una ubao sasa. Nimejikwaa, Yaya. Ndoo imelala huko, maji yamejaa sebule nzima. Nikabaki nimepiga magoti kwenye maji, na Baba akaniambia kutoka uani, kwa ile sauti yake ya zamani ambayo nilidhani ilikwenda na weye:

"Ku nyumba ya seremala unanyanyua muguu!"

Kuku wanakusalimu. Pumzika kwa wakwe zako.

Mimi, mudogo wako