Kovu la Baba Agatha

Chunya, Agosti 1974
Mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Iringa

Kaka mpendwa,

Nisamehe mwandiko, vidole vimekakamaa kwa sururu.

Unakumbuka sanduku la taa uliloliunda kwa debe na lenzi ya kamera mbovu? Unaweka filamu ya picha ndani, unawasha balbu, uso wa mtu unatua kwenye ubao, tunaufuata kwa penseli. Wenzako walikucheka: "Fundi anachorewa na umeme!" Ukawajibu, "Taa inanipa mipaka tu. Mtu namtoa kwa mkono." Na kweli, hukushika brashi kabla ya kuwauliza wafiwa marehemu alichekaje.

Siku uliyokwenda Kalenga kupaka rangi kanisa uliniambia, "Mdogo wangu, piga mistari ya marehemu Baba Agatha, uso niachie." Sikukuachia. Nilitaka urudi ukute kazi imekwisha, uniite fundi. Ulipoiona ulinipiga begani, ukaandika jina lako pembeni. Yule mzee hukuwahi kumwona, na picha zake zote ziliungua na nyumba. Ilibaki ile filamu tu.

Siku ya kumaliza matanga ukaifunua mbele ya ukoo. Mama Agatha akaitazama, akajishika shavu.

"Mwanangu, kovu la mume wangu lilikuwa kushoto. Huyu umemtoa wapi?"

Shemeji yake akadakia, "Labda huko alikokwenda wamemhamishia!"

Watu wakacheka. Mama Agatha akalia.

Ukasema, "Kosa ni langu, mama." Mimi nilikuwa nyuma yako, nikainamia kikombe changu cha pombe ya ulanzi.

Kaka, niliiweka filamu nyuma mbele. Kushoto kukawa kulia. Nilijua palepale alipotaja kovu. Tuliporudi uliitafuta filamu uone ulipokosea, ukaikosa. Ilikuwa mfukoni mwangu. Wiki ile nikakuaga, nikasema nafuata dhahabu.

Juzi dereva wa lori la tumbaku kaniambia siku hizi unaandika vibao vya maduka tu, wafiwa hawaji tena kwako.

Filamu ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa, haina mkwaruzo. Usiende kwa Mama Agatha kunisemea. Umenisemea vya kutosha. Novemba mvua zikianza, mashimo haya hujaa maji na kazi husimama. Wiki hiyohiyo napanda lori. Nitashukia kwake kwanza nimwambie mwenyewe, shemeji yake akiwepo, ndipo nije kwako. Niwekee ubao tayari. Mistari nitapiga mimi, uso utauchora wewe.

Mdogo wako uliyembebea kosa