Mwaka Bagalu Walipoichukua Pumzi Yangu

Jumatatu, 5 Mei
Nimepanga sangara kwenye tanuri tangu asubuhi. Kuni mbichi, moshi mzito, wenzangu wote wamekimbia. Mimi nimebaki. Moshi wote wa Pasiansi umepita kifuani kwangu na haujanishinda. Kikohozi kidogo tu. Makohozi ya asubuhi, kawaida ya mwanaume.
Jioni mazoezi ya ngoma. Manju wa Bagika, anayetunga na kuongoza nyimbo za chama chetu cha ngoma upande huu, ni mimi, nani hajui. Kuna siku niliimba ufukweni, kiboko akatoka majini, akasimama, akasikiliza, akarudi kinyumenyume kwa adabu. Wapo walioona. Bahati mbaya wamekufa.
Leo mstari wa tatu sauti ilikatika. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Alhamisi, 8 Mei
Imekatika tena. Kifua kinabana, kinapiga filimbi chenyewe.
Mwezi ujao ni mashindano ya ngoma Bujora. Pale Bagika na Bagalu tunacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanakimbilia ngoma tamu. Wakikukimbia umekwisha. Manju bila sauti ni mtu tu.
Nimejua ni nani. Lugola, manju wa Bagalu. Amenifanyia dawa. Angenishindaje vinginevyo?

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda kwa mganga, mbele ya Kisesa. Kaona palepale. Pumzi yangu imefungwa kwenye kibuyu cha Bagalu. Kanipa mizizi ya kuchoma juu ya kigae. Najifunika blanketi, navuta moshi, asubuhi na jioni. Nikamwambia moshi ndiyo kazi yangu, nitauvuta mpaka wa kesho.
Mke wangu, Mama Holo, aliinusa ile mizizi. Alisonya.

Jumatano, 14 Mei
Mwanzo nilitoa makohozi mengi, nikasema uchawi huo unatoka. Leo nimeshindwa kupanda kwangu. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe. Nimekaa njiani kama mbuzi mgonjwa. Watoto wa shule wakapita. "Shikamoo babu!"
Babu. Mimi.
Sikuwa na pumzi ya kuitikia marahaba.
Naogopa. Daftari hili hakuna anayelisoma. Naogopa.

Jumamosi, 17 Mei
Nilizimia ndani ya blanketi. Mama Holo anasema alinivuta miguu kama gunia la dagaa, midomo yangu imekuwa rangi ya zambarau. Tukapanda bodaboda, mimi katikati, yeye ananishika nyuma. Hospitalini wameniwekea mipira puani, hewa ya mtungi. Mimi niliyekuwa naitikisa Kirumba kwa sauti, sasa nachotewa hewa.
Nimemwambia Mama Holo asimwambie mtu. Kanijibu, "Baba Holo, umepita soko zima umelegea. Nani hajui?"

Jumatano, 21 Mei
Makohozi yamepimwa. Hakuna kifua kikuu. Nikashukuru Mungu, nikatafuta viatu vyangu nirudi nyumbani. Daktari akanirudisha. Ni binti mdogo kuliko Holo wangu.
Kanipa bomba la kupuliza, limeungwa na mashine. Nikamwonya aishike mashine yake isiruke. Nikapuliza. Akaanza kupiga kelele, "Endelea baba, endelea, endelea, usiache!" kama yuko leba. Hakukuwa na kitu cha kuendeleza. Akanivutisha dawa, tukasubiri, nikapuliza tena. Karibu vilevile.
Akasema njia za hewa zimebana na mapafu yamechakaa. Ugonjwa sugu. Umeingia polepole, wa moshi.
"Moshi gani?"
"Wa samaki, baba. Na huo wa kwenye blanketi umemalizia."
Nikamuuliza unapona lini. Hauponi. Unatulizwa, usizidi. Nikamuuliza kuhusu kibuyu, akamtazama nesi.
Nikalia mbele ya mtoto wa watu.

Ijumaa, 23 Mei
Nimerudi na pampu ya kuvuta dawa. Mwanza nzima inajua, ukianza pampu huwezi kuiacha tena. Najipulizia nikiwa nimejificha chooni. Haisaidii hata chembe.
Mbuke, binti wa dada yangu, kanifuma natoka nayo mdomoni. Yeye ni mchezaji kwenye ngoma yetu.
"Shikamoo mjomba. Hiyo unanyunyizia meno?"
Mama mkwe wake ana pumu, amezoea. Kanifundisha. Tikisa. Toa pumzi yote. Bonyeza huku unavuta taratibu. Shikilia. Mimi nilikuwa naipuliza juu ya ulimi na kumeza mate.
Kifua kimefunguka kidogo. Sauti haijarudi.

Jumapili, 1 Juni
Nimefanya jambo la aibu. Nimemfuata Lugola Buzuruga, anapouza vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Nimemwambia mbele ya wateja wake, "Nirudishie."
"Nikurudishie nini?"
"Pumzi yangu."
Akacheka mpaka akashika meza. "Ya kwako niiweke wapi, Mgika wewe? Yangu yenyewe inanisumbua kuibeba!" Wateja wakacheka.
Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na tusi zuri, refu. Lilifika nusu. Nikashika nguzo, mabega yakapanda na kushuka, filimbi kifuani.
Lugola akaacha kucheka. Akamtimua mtu kwenye benchi nikae. Akaniletea maji. Ile ndiyo iliniua. Adui yako akikuonea huruma, huna tena kitu cha kuogopwa.
Na hana kibuyu. Uso wake niliuona. Hana.
Basi hakuna pa kwenda kudai.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Holo kalivunja tanuri langu la samaki kwa jembe. Nimetoka nje, nimepiga kelele neno moja, nikakaa chini. Yeye akaendelea kubomoa, huku analia.
Sina kazi. Sina sauti. Nimeitazama ile pampu muda mrefu, nikawaza kuitupa ziwani na mimi niifuate. Sijui nimekaa vile mpaka saa ngapi. Mama Holo akaja kukaa karibu nami, mikono ina masizi. 

Jumapili, 8 Juni
Kikundi kimekuja nyumbani. Wanataka wimbo wangu mpya wa Bujora, na mwimbaji ni Mbuke. Wakubwa wamenung'unika, mwanamke awe manju? Nikasema wamlete, nikiwa natumaini atashindwa.
Nikamfundisha nikiwa kwenye kiti. Mstari mmoja, nahema. Nusu mstari, nahema. Neno, nahema. Kafumba macho anasikiliza. Hakunikatiza. Nilichoka kama nimelima ekari.

Jumapili, 22 Juni
Bujora. Nimekaa mbali na vumbi, kitambaa puani, Mama Holo pembeni yangu.
Mbuke akaanza. Mstari, kimya. Ngoma peke yake. Nusu mstari, kimya. Neno, kimya. Nikataka kusimama nimwambie amekosea, ule wimbo hauna mapumziko. Halafu nikaelewa. Ameushika kama nilivyompa. Kila nilipoishiwa pumzi nikimfundisha, na yeye alinyamaza, na wachezaji wakabaki mguu mmoja juu, wanasubiri. Watu nao wakasubiri. Wengine walikuwa wanatoka upande wa Bagalu, wanakuja polepole, hawataki kukanyaga ule ukimya.
Mama Holo akanitazama. 
Kila aliponyamaza, mimi nilivuta hewa. Ilitosha mpaka mwisho wa wimbo.