Kanda Tatu na Yule Ndinda wa Masii

Alhamisi, asubuhi. Ukungu umeshuka kutoka vilima vya Iveti mpaka sioni mparachichi wa jirani.

Hamjambo nyote mnaonisoma? Habari za nyumbani, habari za kifua na baridi hii ya Julai? Mimi niko mzima kwa neema ya Mungu. Moyo tu ndio haujatulia, na ndiyo maana nimeacha sare za shule kwenye cherehani nikaja kukaa na nyinyi kidogo.

Kuna wale mliniuliza ni albamu gani ninazozipenda na kwa nini. Nilitaka kuwajibu kwa raha, nikiwa na chai yangu. Sasa nawajibu nikiwa na shaka.

Jumapili hii kanisa letu litatoa shukrani kwa ajili ya ndoa yangu na Baba Mutheu. Tumezeeka pamoja, watoto wamekua, na mchungaji ameniambia nisimame mbele niseme mume wangu ni mtu wa namna gani. Nikakubali haraka haraka kama mtu anayepewa sukari. Kisha nikarudi nyumbani, nikakumbuka stoo.

Wacha nianze na albamu, mtaelewa.

Ya kwanza ni kanda ya kwaya yetu. Tuliirekodia kwenye ukumbi wa shule kwa mitambo ya kuazima, na betri ilikuwa inakufa, kwa hivyo hakuna wimbo uliorudiwa. Ukisikiza wimbo wa tatu utasikia jogoo akiwika katikati ya ubeti. Mwalimu wa kwaya alitaka kulia. Mimi nilicheka, na kicheko changu kiko pale pia, ukijua pa kutega sikio. Nilikuwa sauti ya kwanza. Watu walikuwa wakisema wananitambua hata nikiimba na watu arobaini.

Sichezi tena kanda hiyo.

Mnaonifahamu mnajua uvimbe uliniota shingoni. Daktari aliutoa vizuri, namshukuru Mungu na yeye pia, lakini uvimbe ulitoka na sauti. Nilichobaki nacho kinakwaruza kama mlango wa boma. Kwenye kwaya niliaga taratibu, nikasema ni magoti. Siku hizi nakaa na washirika wengine, nachezesha midomo tu. Baba Mutheu hajawahi kunitajia jambo hilo hata siku moja. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye nikaanza kujiuliza, mbona hasemi? Au hakuwahi kusikia tofauti?

Albamu ya pili ni ya mama mmoja wa upande wa Mwala ambaye hamtamjua, maana alikuwa akiuza kanda zake mwenyewe sokoni, akizitoa kwenye kiondo pamoja na ndengu. Ana gitaa moja na kayamba, basi. Anaimba polepole kama mtu anayengoja muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uive, na sauti yake ni nzito, karibu ya mwanamume. Nilimsikiza wodini usiku na mchana baada ya upasuaji. Alinionyesha kwamba hata sauti nzito Mungu anaipokea. Mpaka leo nikichoka namweka, nakanyaga cherehani kwa mwendo wake.

Ya tatu si yangu. Ni ya Baba Mutheu.

Kabla hajaokoka alikuwa na sanduku zima la kanda za bendi. Alipookoka alizigawa zote, akabaki na moja. Nilimuuliza mbona hiyo. Akasema, "Hii ni ya gitaa tu." Mzee wa kanisa, na kanda ya dansi! Lakini nilinyamaza, kwa sababu gitaa lenyewe, Mungu anisamehe, ni tamu. Hata mimi nilikuwa naijua albamu hiyo kwa kichwa nikiwa msichana. Ilikuwa inalia kila duka.

Sasa, wasiotoka kwetu niwaambie kitu. Bendi zetu zina desturi. Wimbo ukishika moto, mwimbaji anaacha maneno na kuanza kusalimia watu kwa majina na kwao. Na jina haliingii lenyewe. Ama wewe ni rafiki wa bendi, ama kuna mtu alimwendea mwimbaji akamnong'oneza, "Nitajie fulani." Zamani hizo, kijana akitaka msichana ajue anapendwa, hakuna barua iliyoshinda hiyo. Utasalimiwa kwenye kanda, na Ukambani nzima itajua.

Katika wimbo wa mwisho wa kanda ile, upande wa pili, mwimbaji anasalimia mwalimu mmoja wa Konza. Anasalimia mwenye bucha wa Katelembo. Kisha anasema, Ndinda wa Masii, Ndinda anayecheka kabla ya kuambiwa.

Na Baba Mutheu, siku hizo, alikuwa Masii. Yeye ndiye aliyekuwa akichajia bendi hiyo betri.

Mnaona sasa.

Nilimuuliza siku moja tu, mtoto wetu Mutheu akiwa mchanga. "Ndinda ni nani?" Akacheka. "Masii ina Ndinda wangapi, wewe?" Nikauliza tena. Hakucheka. Akatoka kuangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Nikaliacha neno hilo, lakini halikuniacha.

Tangu Pasaka, Baba Mutheu ameanza tabia ya kuingia stoo ya mahindi mchana na redio yetu ya zamani ya kanda. Anafunga mlango. Mimi nikiwa kwenye cherehani upande huu wa ukuta nasikia gitaa, nasikia kwa mbali mwimbaji akianza salamu, halafu sauti inapunguzwa mpaka sisikii kitu. Nikisimama tu kiti kikalia, tak! amezima.

Siku moja nikafungua mlango. Alikuwa amekaa juu ya gunia, kofia mkononi, kama mtu aliye kanisani.

"Unasikiza nini, Baba Mutheu?"

"Habari."

Habari, saa tisa na robo mchana!

Nilimweleza Mama Kioko, niliye naye kwenye chama cha akina mama. Nilijua sipaswi. Akaweka kikombe chini. "Dada yangu, mzee akianza kusikiliza muziki wa ujana peke yake, jua ujana umempigia simu." Akaongeza kwamba wanaume wa kwetu hawasahau mwanamke, wanasahau tu kununua chumvi. Tulicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena. Nilinusa mashati yake. Yalinuka kuku na sabuni. Nikasali, na katikati ya sala nikajikuta nawaza huyo Ndinda ana umri gani sasa, na kama bado anacheka kabla ya kuambiwa.

Basi juzi alipokwenda kwenye kikao cha wazee, nikaingia stoo nikatoa kanda. Nikaifunga kwenye leso pamoja na zangu mbili, nikashuka mjini kwa Bwana Salim, yule fundi wa redio karibu na msikiti, ambaye anahamisha nyimbo za kanda kwenye flashi. Nikamwambia nataka albamu zangu tatu ziwekwe pamoja. Sikudanganya. Sikusema yote tu.

Bwana Salim ni mtu wa taratibu, babake alitoka Pwani na Kiswahili chake bado kina chumvi. Alizigeuza kanda, akaishika ile ya tatu juu ya taa.

"Hii kanda ina mambo, mama. Angalia vitundu hivi vya juu. Kanda ya dukani huja vitundu wazi, ili mtu asirekodi juu yake. Hapa kuna mtu kaviziba kwa karatasi na gundi."

"Kwa nini avizibe?"

"Si arekodi lake! Keti kitini, tusikilize."

Nikakaa. Nilijiambia, leo utasikia sauti ya huyo mwanamke, na Jumapili utasimama mbele ya watu useme nini?

Gitaa la wimbo wa mwisho likaingia. Mwalimu wa Konza akasalimiwa. Mwenye bucha wa Katelembo akasalimiwa. Kisha pakakatika, kama kitambaa kwa mkasi mkali.

Mvua. Mvua juu ya mabati. Cherehani inakanyagwa, inasimama, inakanyagwa. Mtoto anaguna kama anayetaka kulia na hajaamua. Na mwanamke anaimba, si kwa nguvu, ni wimbo wa kanisani, anauimba vile mtu huimba akifikiri yuko peke yake. Anafika ile noti ya juu na kuipita bila hata kuikazia macho.

Bwana Salim akaondoa mkono kwenye mtambo. Tukasikiza mpaka kanda ikaisha yenyewe.

"Subhanallah," akasema. "Nani huyu mama?"

Nikaanza kukunja leso.

"Yuko hai?"

"Yuko," nikasema na sauti yangu hii ya mlango. "Ana kazi nyingi tu."

Aliniangalia kidogo, kisha akajishughulisha na nyaya. Alipokuwa akifunga kanda zangu akasema, bila kuniangalia, kwamba aliyerekodi hakuanza popote tu. Angeweza kutumia kipande kile kitupu cha mwishoni, kilikuwepo. Alichagua pa kuingilia, na aliingia penyewe.

Nilipanda nyumbani kwa miguu ili nipate nafasi ya kulia. Mtoto yule ni Mutheu. Mvua zile ni za mwaka ule niliouliza juu ya Ndinda. Kwa hivyo nilimuuliza mume wangu swali, akaenda kuangalia ng'ombe aliyekamuliwa, na baadaye akanijibu mahali ambapo mimi mtu wa Mungu sikuwahi kutega sikio, kwenye kanda ya dansi. Akamfuta Ndinda kwa sauti yangu.

Na sasa sauti hiyo haipo, anakwenda kuisikiza stoo. Anapunguza nikiwa karibu. Anazima nikisimama.

Mimi nilidhani ananificha mwanamke. Kumbe ananificha nilichopoteza.

Nilimkuta amerudi, anapekua stoo.

"Mama Mutheu, umeona kanda yangu?"

"Kanda gani?"

"Ile ya... ya gitaa."

"Na wewe si uliokoka?"

Akachekacheka, akakuna kichwa, mzee mzima. Alipokwenda kufungia kuku niliiweka kanda nyuma ya gunia, kama iliyoanguka, nikiwa nimeizungusha kwa biro mpaka pale alipokuwa ameiacha.

Jana mchana nilikuwa nashona kola. Nikasikia gitaa ukutani, kisha sauti ikapunguzwa. Safari hii sikuinuka. Niliendelea kukanyaga cherehani bila kusimama hata uzi ulipoisha, nikishona kitambaa kwa sindano tupu, ili asijue nasikiza. Upande ule cherehani nyingine ilikuwa inakanyagwa, mvuani.

Nikiri kitu, kwa sababu nyinyi ni watu wangu. Shaka haijaisha yote. Mtu hahangaiki kuziba vitundu kwa karatasi ili kufuta jina lisilo na uzito. Alikuwepo Ndinda, na kuna mtu alimnong'oneza mwimbaji. Nikiwaza hivyo naona wivu bado, kwa mambo ya ujana, katika umri huu! Mungu anishike. Ukiwa unatoka Masii na unamjua, usiniambie kama alikuwa mzuri.

Lakini Jumapili nitasimama. Sauti niliyo nayo ni hii, na nitaitumia hii. Ninachohitaji ni shauri, na siwezi kumwuliza Mama Kioko, mnamjua. Nimwambie Baba Mutheu kwamba nimesikia, tukae stoo pamoja? Au nimwachie kanda yake na mlango wake, aendelee kuniambia anasikiza habari?

Tafadhali nijibuni upesi, kabla ya Jumapili.