Swali la Mdogo Mezani

Guangzhou, Jumatatu, 2 Aprili 2007

Kumbe kwao maswali kwanza, chakula baadaye! Njaa iliniuma kweli.

Ilikuwa Pasaka yao, nyumbani kwa Dada Rivka, Myahudi ninayemtafsiria Kichina akinunua viatu soko la Zhanxi. Mila yao, mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Watoto hawakuwepo, basi nikauliza mimi, mwanafunzi Mwislamu wa Bagamoyo.

Wakajibu wote pamoja, "Tulikuwa watumwa Misri." Kwa sauti, bila haya, kama watu wanaotaja ukoo wao.

"Ndiyo maana hatumfungii mgeni mlango," Dada Rivka akaniambia, akinimegea mkate wao usio na chachu.

Kwetu neno "mtumwa" husemwa kwa kunong'ona, tena anaposengenywa jirani. Bibi tukimuuliza mama yake alitoka wapi, alikuwa anatutuma dukani.

Niliporudi bwenini nikampigia mama. "Mama, hivi mama yake bibi alikuwa mtu wa wapi?"

"Leo umekula nini, mwanangu?" akaniuliza.