Niliishia Kwenye y

Jumanne, baada ya isha

Na njia nilikuwa naijua! Hilo ndilo linaloniuma.

Swali lilikuwa x⁴ − 13x² + 36 = 0. Nikaweka y badala ya x², mlinganyo ukawa mwepesi, nikapata y ni 4 au 9. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula, kwa maringo kabisa, nikaenda swali linalofuata. Sikurudi kwenye x. Maswali yote ya namna ile nimeyafanya hivyo hivyo. Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "y umeileta wewe. Sisi tuliuliza x."

Kwa hiyo nimefeli tena hesabu, hata baada ya kurudia mtihani wa shule.

Mjomba ameshuka leo kutoka Mgeta kuja kusikia matokeo. Kwetu Waluguru, kaka yake mama akishasema, baba hana la kuongeza. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu mpaka hiyo y. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Kwa hiyo ulibakiza kidogo tu?"

"Kidogo tu, mjomba."

"Na mwaka jana?"

Mwaka jana nilimwambia hivyo hivyo.

Hakugomba. Alimgeukia mama, akasema kule juu mvua zimeanza, njegere zinataka mikono.

Sasa hivi nimelimalizia lile swali. x ni 2, au −2, au 3, au −3. Nimehakiki, yote yamekubali.

Huko uani mama anajaribu majembe, ananitafutia lililo jepesi.