Ndege Inaposimama Dede

Jumanne, 4 Mei 1999

Nimefunga duka mapema tena. Leo nimechapa barua za kuomba kazi tu. Kila mtu anaomba kazi, sijui nani anaajiri. Yangu sijaichapa. Shamba la mkonge limepata mmiliki mpya, ofisi yetu imepigwa kufuli, makarani tumepunguzwa. Kiinua mgongo chote kimeishia kwenye kompyuta hii. Majirani zangu wa mtaa huu wa Mabwerebwere, hapa Kilosa, wanasema nimenunua televisheni isiyoonyesha mpira.

Diski ya rafiki yangu Maganga, aliyorekodia mchezo wake wa ndege wa kwenye kompyuta, imeletwa na basi la mchana kutoka Mikumi. Nimeiangalia nikiwa bado sijala. Amefaulu, mbwa huyu. Ndege inapanda pua juu, mwendo unapungua, unapungua, mpaka inasimama angani, haiendi wala hairudi. Halafu inageuza pua taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani, inashuka njia ile ile iliyopandia. Mbinu hiyo tumeiita dede. Mtoto akisimama mara ya kwanza bila kushikwa, ndivyo anavyokuwa. Ndege yangu ikisimama hairudi kwa pua. Inarudi kwa mkia, inazunguka, inajikita shambani.

Konda Shabani ndiye anayebeba diski na ujumbe. Ujumbe wa leo: "Amesema ndege yako inaanguka kama gunia la mahindi, na wewe Msagara ndiye mahindi yenyewe."

Nimekasirika. Nimefurahi pia, sitaki kudanganya.

Jumamosi, 8 Mei

Umeme umekatika ndege ikiwa imesimama. Ilikuwa dede nzuri. Au ndivyo ninavyojiambia kwa kuwa hakuna aliyeiona.

Mchezo wenyewe ni wa vita. Ndege za kivita, makombora, maadui wanaokuja kwa mafungu. Mimi na Maganga hatujawahi kupiga risasi. Maadui wanatutungua tukiwa tumesimama hewani tunatafuta dede, tunaanza upya. Maganga aliupata kwa Mzungu wa kambi ya watalii anakotengeneza jenereta. Mzungu alinunua kompyuta mpya, ya zamani akampa yeye pamoja na fimbo ya kurushia ndege, ile inayochomekwa kwenye kompyuta. Tulikuwa tumekutana Morogoro kwenye mafunzo ya kompyuta, akaninakilia na mimi. Fimbo sina. Narusha kwa vitufe. Maganga anasema mimi ni rubani wa kwanza duniani kurusha ndege kwa mashine ya kuchapia.

Kwenda kasi hata mlevi anaweza, huwa anasema. Kazi ni kwenda polepole usianguke.

Kila sikukuu ananiambia njoo Mikumi. Kila sikukuu nina udhuru.

Jumapili, 9 Mei

Mchungaji ameniomba nisome somo la pili. Nikasema koo linaniuma. Haliniumi. Nikisimama mbele za watu sauti inakwenda zake. Ndiyo maana mke wangu alirudi kwao Zombo na sikumfuata. Ningefika, ningekalishwa mbele ya wazee wake, ningetakiwa kusema. Sasa ni mwaka wa pili. Nasikia amelima mpunga mzuri.

Nyumba ni kimya. Ukiweka sufuria chini unasikia mpaka chumbani.

Jumatano, 12 Mei

Nimepeleka diski. Dede mbovu, lakini bora kuliko ya mwezi jana. Nikampa Shabani na ujumbe: "Mwambie Mnyamwezi akifa, mimi nitakuja Mikumi kucheza juu ya kaburi lake."

Shabani amecheka mpaka abiria wakamwita. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kusema lolote, na anayesemwa haruhusiwi kununa.

Ijumaa, 14 Mei

Jibu limefika bila diski: "Utacheza wewe? Wewe unayejificha nyuma ya mashine? Nitafufuka nikuone."

Hili limenichoma. Ni kweli.

Ijumaa, 21 Mei

Wiki nzima hakuna diski. Nimepeleka nyingine. Nimejaribu dede mpaka vidole vimekakamaa. Kosa langu nalijua. Ndege ikianza kukata mwendo naogopa, nageuza pua mapema, au nachelewa kwa kuogopa kuwahi. Yeye hangoji namba ya mwendo pale kwenye kioo. Anasema ungoje mpaka upepo unyamaze, halafu usiwe na haraka. Mimi nina haraka. Nafanya kila kitu kama mtu anayetaka kutoka chumbani.

Labda amenuna. Mtani hanuni.

Jumanne, 25 Mei

Shabani amerudisha diski yangu. Kambini wamemwambia Maganga hajaonekana kazini, ana homa. Malaria, nani asiyeugua malaria? Nikamtuma Shabani amwambie aache kujidekeza. Jumamosi nitakwenda kumwona. Safari hii nitakwenda kweli.

Alhamisi, 27 Mei

Basi lilisimama mbele ya duka, si stendi. Shabani akashuka bila kofia. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Homa ilimpanda kichwani. Jana jioni. Kesho wanazika.

Mama yake ametuma ujumbe. Shabani aliusema akiwa anaangalia chini: "Mama Maganga anasema watani wapo wengi tu huku Mikumi, lakini mwanangu alikuwa na mtani mmoja aliyeahidi kuja kucheza. Aje acheze."

Sijui naandika nini. Utani wa msibani ni kazi ya watu wenye moyo. Anayeifanya anamwiga marehemu mbele ya jamaa zake, anavaa nguo zake, anamtukana kaburini, anapora vitu vyake mpaka wenyewe wakomboe. Bila hivyo msiba unakuwa baridi, watu wanasema marehemu hakuwa na watu. Mimi nimeshindwa kusoma mistari michache ya Biblia.

Rafiki yangu amekufa. Sina mwingine.

Ijumaa, 28 Mei

Ndani ya basi. Tumesimama kijiji cha Ulaya, leo ni siku ya gulio, baiskeli na magunia ya mchele barabara nzima. Nimewaza kushuka hapa na kurudi kwa miguu. Shabani hajanidai nauli wala kunitania. Ananiangalia kama mgonjwa.

Jumamosi, 29 Mei

Nimerudi Kilosa. Niandike kabla sijaanza kuyabadilisha.

Nilifika wanaume wameshachimba kaburi pembeni ya nyumba. Mama Maganga alikuwa mkekani na wanawake, mwembamba, kanga kichwani, macho makavu. Nikapiga goti: "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Nikarudia. Wanawake wakageuka kunitazama. Ndipo akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mtani, umekuja kulia au umekuja kazini? Marahaba yangu hapewi mtu asiyefanya kazi."

Sijawahi kunyimwa marahaba maishani. Niliona aibu kama mtoto.

Walikuwepo Wasagara wengine, vijana, wamevaa miwani ya jua. Mmoja alichukua jembe, akasema Mnyamwezi huyu amekimbilia kufa ili asilipe pombe, watu wakatabasamu kwa adabu, basi. Utani umekuwa kitu cha kumaliza upesi. Jeneza likatolewa ndani. Nikaona wanalibeba na bado sijafanya lolote. Nikaona kabisa kwamba wataenda, watalishusha, watafukia, nami nitapanda basi nikiwa nimenyamaza.

Nikaingia chumbani kwake. Nilikuwa sijawahi kukiona. Kitanda, jerikeni, kompyuta imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Nikachukua kofia yake ya kazi yenye grisi, nikaivaa. Nikaichomoa ile fimbo ya kurushia. Nikatoka mbio, nikawapita wabeba jeneza, nikasimama mbele ya lundo la udongo.

Sauti haikutoka. Nikafanya kitu pekee nilichoweza, nikaigiza mlio wa injini kwa midomo. Mtoto mmoja akacheka. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Abiria wa Tabora! Pandeni! Rubani ni mlevi lakini njia anaijua!"

Vicheko. Nikakunja uso kama anavyokunja yeye, ulimi nje pembeni ya mdomo. Wale wa kambini wakapiga makofi, wakasema ndiye, ndiye huyo. Nikatanua mkono mmoja, mwingine umeshika fimbo, nikaanza kupanda lundo polepole. Pua juu. Polepole zaidi. Nikafika kileleni nikasimama kwa ncha za vidole.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alikuwa ananingoja. Na mimi sikuwa na haraka. Kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Nilikuwa naliona jeneza, namwona mama, nausikia upepo kwenye miti ya nyuma ya nyumba mpaka ukanyamaza. Basi nikageuka.

Nikaanguka. Mguu ulizama kwenye udongo, nikabiringika chali mpaka ukingoni mwa kaburi, kofia ikanifunika macho. Nikapiga kelele nikiwa pale chini: "Mnyamwezi huyu tangu nimjue hajui kutua! Leo ndiyo ametua, mfungieni geti asiruke tena!"

Mama Maganga ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka kwa nguvu, akajipiga mapaja, kisha kicheko kikageuka kilio, na wanawake wote wakalia naye. Nami nikalia palepale kwenye udongo. Hakuna aliyeniinua mpaka nilipomaliza.

Tukamzika. Nilipoondoka nilikuwa na fimbo kifuani. Nikawatangazia kwamba nimeipora, siitoi mpaka wanikomboe. Wazee wakaitikia kwamba ni haki yangu. Shikamoo ya kuaga nilimpa mama, akanitazama tu.

Jumatano, 2 Juni

Nimechapa kadi za harusi. Nimekosea jina la bibi harusi mara mbili.

Sijaigusa kompyuta kwa mchezo.

Ijumaa, 4 Juni

Nimechomeka fimbo yake. Pale penye kidole gumba plastiki imesuguliwa ikawa laini. Mkono wangu ni mdogo kuliko wake.

Nikapanda. Nikangoja. Namba ya mwendo sikuitazama. Ndege ikasimama dede, ikageuka, ikashuka njia ile ile. Safi. Nikafanya tena, safi. Adui alitokea nyuma akanitungua nikiwa nacheka peke yangu.

Nikaihifadhi. Nikaitoa diski, nikaandika juu yake MNYAMWEZI, nikatafuta bahasha. Bahasha nikawa nimeishika mkononi.

Hakuna wa kunitukana. Hilo ndilo. Nimejifunza, na katika Kilosa yote hakuna mtu hata mmoja wa kuniambia bado ni gunia la mahindi.

Jumatano, 9 Juni

Basi la Mikumi limepita na kupiga honi dukani kwa mazoea. Halikusimama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Dede kila jioni sasa, hata nikitaka kuikosea siikosei. Imekuwa kama kufagia.

Jumamosi, 12 Juni

Shabani ameshuka na kuku. Tetea mweusi, amefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Mama Maganga amekomboa fimbo ya mwanawe.

Sikufurahi. Nilishaanza kujidanganya kwamba wameisahau. Lakini desturi haina mjadala, mtani akishakombolewa haruhusiwi kung'ang'ania. Nikaichomoa, nikaifunga kwenye gazeti, nikamkabidhi Shabani. Akaweka mikono nyuma.

"Nimekatazwa kuibeba," akasema. "Mama anataka iletwe na mwizi mwenyewe. Anasema ile mashine pale nyumbani hakuna anayejua hata kuiwasha. Anataka aone kilichokuwa kinamchekesha mwanawe."

Dede zake zote zimo ndani ya mashine ile. Zile alizonitumia, na zile alizoanguka ambazo hakuwahi kunitumia. Mama ataziona. Mimi ndiye nitakayemwonyesha, nitakayemwambia hapa mwendo unakwisha, hapa ngoja, hapa tazama.

Shabani alikuwa ameshapanda ngazi ya basi, dereva anaungurumisha injini, akaruka chini akarudi mbio. Alikuwa amesahau neno moja. "Kasema nikikuona nikwambie marahaba."

Nimemfungua kuku. Anadonoa chini ya meza ya kompyuta, hamwogopi mtu. Simchinji. Jumatatu sitafungua duka. Kesho nikitoka kanisani nitapitia sokoni nimnunulie mama sukari, siwezi kufika mikono mitupu.