Maji ya Kwanza ya Silanga

Kwako Dada Rosa, popote unapochota maji leo,

Nakuandikia kutoka Kawangware, kwenye duka la kupiga taipu ninakofanya kazi. Nimekasirika, kwa hivyo usishangae maneno yakienda mbio. Barua hii naiacha wazi. Asome jirani, asome mama mkwe wako, asome yeyote anayetaka. Mambo yetu yamefungiwa vya kutosha.

Unawakumbuka wale watu wa utafiti? Walikuja mtaani kwetu Silanga tukiwa bado tunaishi pamoja, wewe na shemeji na mwanenu Brian, mimi nikilala nyuma ya pazia. Uliwapa viti vyote, wewe ukakalia mtungi wa plastiki. Wakauliza mtoto anaharisha mara ngapi, maji mnachota wapi, mnayaweka wapi. Wakachukua maji ya mfereji kwenye vichupa, wakachukua hata choo cha mtoto. Brian alipolia wakimpima urefu, ulimwambia, "Nyamaza baba, wanataka kujua utakuwa mrefu kama nani." Ukawauliza majibu yatatoka lini. Yule msichana aliyekuwa akiandika akasema, "Yatatoka tu, mama." Nawe ukangoja, maana hospitalini mtu akipimwa hupewa majibu yake, na hukuona kwa nini hawa wawe tofauti.

Na kwa mfereji, dada, ulikuwa bingwa. Maji yakikatika, mtungi wako ndio uliokuwa mbele ya foleni, na hakuna aliyethubutu kuusogeza. Mfereji ulipoanza kukohoa na kutema upepo, ulikuwa umeshainama. Mimi nikichelewa ulinicheka: "Wewe utaolewa na nani, na kila siku unatuletea maji ya mkia?" Silanga nzima tuliamini hivyo. Maji ya kwanza yana nguvu, hayajaguswa na mtu, ndiyo bora. Uliyatia kwenye kale kamtungi kadogo ukasema ni ya Brian, mtu mwingine asiguse. Mafuta ya taa yakiwepo uliyachemsha. Yakikosekana, aliyanywa hivyo hivyo.

Brian alitutoka wakati wa mvua. Hapo sikai sana, nikikaa siandiki tena. Lakini maneno ya mama mkwe wako siku ya mazishi nayasikia mpaka leo: "Mtoto haharishi mpaka akafa kama mikono ya mama ni safi." Aliyasema mbele ya watu, na shemeji akanyamaza. Ukaanza kusugua mikono kwa waya wa sufuria mpaka ikapasuka. Kisha ukafunga vitu vyako, tumbo likiwa limeanza kuonekana, ukarudi kwa mama Kakamega.

Mama hunitumia habari. Ananiambia huyo msichana uliyemzaa, Nekesa, humlishi kwa mkono wako. Unapika uji, unasimama mlangoni, unamwachia mama amnyweshe. Hilo ndilo linaloninyima raha, Rosa.

Sasa sikia. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, kijana mpole, alituletea tasnifu yake ya mambo ya afya tumpigie taipu. Nikiwa katikati ya ukurasa nikakuta neno Silanga. Ameandika kwamba watafiti fulani walipima maji na watoto hapo, na utafiti wao umechapishwa katika jarida la ng'ambo. Nikausoma mstari huo mara mbili. Alipokuja kuchukua kazi yake nikamwuliza, "Walisema nini hao watu?" Akajikuna kichwa. "Dada, kusema ukweli, hata mimi sijausoma wote. Nimeona muhtasari tu." Maktaba yao iliacha kupokea jarida hilo, linalipiwa kwa dola. Anasema rafu zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Njia iliyobaki ni kumwandikia mtafiti postikadi, kumwomba nakala, halafu kungoja huruma yake.

Nilicheka vibaya. Maji ni yetu, mtoto ni wetu, hata choo kilichobebwa kwenye vichupa ni chetu, halafu tuombe kwa postikadi! Lakini yule kijana aliniona usoni, akaiandika. Tulingoja mpaka nikakata tamaa, kisha siku moja akaingia dukani na bahasha. Tukasoma pamoja, yeye akinieleza penye Kiingereza kigumu.

Dada, shida haikuwa mikono ya akina mama. Ilikuwa paipu. Zile paipu za plastiki zinapita ndani ya mtaro, na zimetoboka. Maji yakikatika, paipu inabaki tupu na inanyonya uchafu wa mtaro. Maji yakirudi, yanayotangulia ndiyo yanayousukuma wote nje. Ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote. Wameandika kwamba yaachwe yapite kidogo kabla ya kukinga. Ni sentensi moja tu, ambayo mtu angeweza kuisema pale mferejini akiwa amesimama. Na mwisho kabisa wanawashukuru akina mama wa Silanga kwa ushirikiano wao. Basi shukrani zako nakufikishia mimi, maana waliziweka mahali usipoweza kufika.

Jumapili nilienda Silanga nikawaambia walio kwenye foleni. Mama Akinyi, yule jirani yetu wa mboga, akanitazama. "Wewe umejuaje, na sisi tuliopimwa hatujui?" Walibishana, maana nani anataka kumwaga maji aliyoyangoja? Mwishowe wakakubaliana ya kwanza yawe ya kuosha sakafu. Wanasema siku hizi kuna kompyuta zinazoongea kwa simu, eti mtu ataweza kusoma karatasi ya ng'ambo akiwa hapa hapa. Sawa. Ila kama nazo zitawekewa kufuli, tutaendelea kuzika watoto huku majibu yakiwa yamechapwa vizuri kwenye karatasi laini.

Nilifikiria nikufiche. Niliogopa utajiambia, kumbe ni ule mtungi wangu wa mbele. Najua utajiambia hivyo, na utalia, na mimi sipo nikushike. Lakini kukuficha ni kukufanyia walichokufanyia wao. Ulimpa mtoto maji uliyoamini ni bora kuliko yote, ukayapigania kwenye foleni, na waliojua hawakukwambia.

Mikono yako ilikuwa safi. Mchukue Nekesa kutoka mikononi mwa mama, umweke mapajani, umlishe mwenyewe.

Mimi mdogo wako, yule wa nyuma ya pazia.